Namna ya Kupiga Dramu Kwenye Televisheni Bila Kukamatwa

Simu imelia. Mpiga dramu wa kipindi cha burudani anaumwa na jina lako limetajwa. Kipindi chenyewe kina mchekeshaji, mwimbaji mgeni, mtu wa mazingaombwe, mbwa anayeruka pete ya moto, na bendi yenye wapuliza tarumbeta wasiotabasamu. Mazoezi ni mara moja tu. Sema ndiyo. Usiulize kwanza kama unaweza kuziona noti, maana anayeuliza hivyo ameshawakumbusha wampigie mwenzake.

Sasa sogea karibu, ndugu yangu. Nitakufundisha kudanganya. Huu si wizi. Ni ujanja ambao wapigaji wote wakubwa wanaujua na hawausemi mbele ya wanafunzi. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami leo nakupa kata.

Hatua ya kwanza: nenda na penseli.

Vijiti utaazima, dramu utazikuta, lakini penseli iwe yako. Chukua mfano wa Saturday Night Live, kipindi cha New York kinachorushwa moja kwa moja tangu 1975. Saa mbili usiku wanafanya mazoezi ya mwisho mbele ya watazamaji. Saa tano na nusu usiku wanaingia hewani. Katikati hapo vichekesho vinakatwa, vingine vinafupishwa, na mfuatano unapanguliwa. Ulichoandika kwa wino saa mbili kinaweza kuwa uongo saa tano. Andika kwa penseli, na ufutio ukae karibu na vijiti.

Hatua ya pili: soma mwisho kwanza.

Utapewa karatasi ya kurasa nne na dakika moja ya kuitazama. Usianze juu. Noti za dramu kwenye kazi hizi kwa sehemu kubwa ni mistari ya mshazari, na maana yake ni moja tu: endelea ulivyokuwa. Hatari ziko sehemu nne. Kuna kasi ya mwanzo, kuna mahali pa kurudia, kuna mahali pa kuruka, na kuna pigo la mwisho. Zungushia hizo nne duara nene. Zilizobaki waachie masikio yako, yale yale yaliyokulea kwenye kwaya na kwenye harusi ambako hakuna aliyewahi kukupa karatasi. Hakuna mtazamaji atakayekumbuka ulifanya nini kwenye kipimo cha 37. Lakini mtu aliyepiga toazi peke yake baada ya bendi nzima kunyamaza atakumbukwa na ukoo mzima.

Kuhusu kasi, usiogope ile namba iliyoandikwa juu ya karatasi. Kila studio ya televisheni ina saa, na saa ina sekunde. Namba 60 ni pigo moja kwa sekunde. Namba 120 ni mapigo mawili. Namba 90 ni mapigo matatu ndani ya sekunde mbili. Tazama ukutani, gonga kidole gumba pajani mara nne, kisha inua uso kama mtu aliyezaliwa na kasi hiyo mwilini.

Hatua ya tatu: mkubalie mwimbaji, kisha piga inavyotakiwa.

Mwimbaji mgeni atakuja kwako mchana na kusema wimbo unakwenda polepole mno. Ana hofu, na hofu hupenda mbio. Mwambie, "Sawa kabisa, nimekuelewa." Kisha piga kasi ile ile ya mwanzo, ila sogeza mkono wa kulia kwenye toazi lenye sauti kali kidogo. Atasikia uchangamfu, aamini umeongeza mwendo, akushukuru. Ukimtii kweli, usiku atakosa pumzi kwenye kiitikio, na lawama zitakuja kwako.

Kama mwenye kipindi mwenyewe anapenda ngoma, mwachie kiti. Johnny Carson, aliyeendesha The Tonight Show kuanzia 1962 hadi 1992, alikuwa anapiga dramu. Mpiga dramu wake, Ed Shaughnessy, alikuja 1963 na akakaa mpaka kipindi cha mwisho. Karibu miaka thelathini! Shaughnessy alikuwa fundi wa kutisha, mtu aliyekwenda hata kujifunza ngoma za Kihindi ziitwazo tabla kwa bingwa wake, Alla Rakha. Lakini mtu hakai miaka thelathini karibu na bosi mwenye kupenda ala yako kwa ufundi peke yake. Bosi akishika vijiti, simama, mpishe, na piga makofi ukimaanisha.

Hatua ya nne: mchekeshaji hasikilizwi, hutazamwa.

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nisikilize kwa makini. Kazi ya kumfuata mchekeshaji kwa ngoma ni ya zamani kuliko televisheni. Ilitoka kwenye sarakasi na kwenye kumbi za vichekesho za Marekani. Mpiga ngoma alizungukwa na filimbi, vibao vya mbao, kengele na ving'ora, na kila mtu alipoanguka jukwaani ngoma ilianguka naye. Televisheni ilirithi yale yote, pamoja na lile pigo unalolijua, pa-pa-chaa, linalofuata mzaha.

Wanafunzi hudhani pigo hilo ni la kusherehekea mzaha mzuri. Wanakosea. Mzaha mzuri una kicheko chake, na ukipiga juu ya kicheko umemwibia mwenye mali. Pigo hilo ni la kuokoa mzaha uliokufa. Mchekeshaji amemaliza sentensi, ukumbi kimya, mtu mmoja anakohoa. Piga sasa hivi, kavu na fupi. Watu watacheka, nusu kwa sababu ya ngoma na nusu kwa sababu wameruhusiwa. Mchekeshaji atakuangalia kwa jicho la mtu aliyetolewa mtoni, na wiki ijayo atakutaja kwa mtayarishaji.

Utajuaje wakati? Usifuate maneno. Ukiyafuata maneno utacheka, na anayecheka huchelewa. Tazama nyonga na bega. Kila mchekeshaji ana kitu anachokifanya akimaliza: mmoja huvuta koti, mwingine hurudisha mguu nyuma, mwingine hugeuza uso kwa kamera. Kitafute kitu hicho wakati wa mazoezi na ukiandike kwa penseli. Mtu wa mazingaombwe ni rahisi zaidi. Ukiona mkono wake mmoja umepanda juu kwa madaha, ujue ujanja uko kwenye mkono wa pili. Anza kuvurumisha vijiti taratibu kwenye ngoma ndogo ili macho yote yabaki kule juu. Hapo mnadanganya wawili, na mnadanganya vizuri.

Hatua ya tano: kosea kama mtu mzima.

Utakosea. Vipindi ni vingi na mikono ni miwili. Kijiti kitaruka. Usikitazame kinakokwenda, kwa sababu kamera hufuata macho yako. Ning'iniza mfuko wa vijiti kwenye ngoma kubwa ya sakafuni, upande wa kulia, ncha zikitazama juu. Mkono wa kulia unashuka, unachota, unarudi, na mguu haujaacha kuhesabu.

Umepiga toazi mahali pasipo pigo? Likamate kwa vidole mara moja. Toazi lililokamatwa hugeuka kuwa mpangilio. Kipimo hicho kikirudi, likamate tena mahali pale pale. Kosa lililofanywa mara moja ni kosa. Likifanywa mara mbili, mpuliza saksafoni ataanza kulitegemea.

Umepotea kabisa, hujui bendi iko ukurasa gani? Acha mbwembwe zote. Bakiza mguu wa kulia na matoazi ya mguu wa kushoto, yakitembea kwa sauti ya chini. Msikilize mpiga besi mpaka akurudishe nyumbani. Huko chini hakuna atakayejua kwamba umepotea. Watasema una utulivu.

Na jambo moja nakuomba. Kuna tabia mbaya ya kukosea kisha kumgeukia mpiga besi na kumkazia macho, ili watu wadhani ni yeye. Usifanye hivyo. Mpiga besi ndiye atakayekuokoa dakika kumi zijazo. Kama ni lazima kukunja uso, ikunjie karatasi. Karatasi haina mke wa kumweleza usiku.

Hatua ya sita: lisha sifa zako wakati wa matangazo.

Najua una sifa. Kila mpiga dramu anazo. Hukununua matoazi yale ili ukae kimya. Tatizo ni kwamba hewani hutapata nafasi. Nyumbani watu watasikia bendi kwa sekunde chache tu, kipindi kinapokwenda kwenye matangazo na kinaporudi. Basi, matangazo ndiyo nafasi yako. Wakati taifa linaangalia sabuni, ukumbi uko mbele yako na mamia ya watu wanaotaka kuchangamshwa. Bendi ya kipindi cha usiku cha David Letterman, kule Marekani, ilifanya hivyo kwa miaka. Kwenye dramu alikaa Anton Fig, mzaliwa wa Cape Town, kuanzia 1986 mpaka kipindi cha mwisho Mei 2015. Watu wa ukumbini walishuhudia shoo ambayo waliokuwa nyumbani waliiona vipande vipande.

Kwa hiyo mwaga kila ulichonacho ndani ya dakika hizo. Zungusha kijiti, piga ngoma zote, funga macho. Taa nyekundu ikikaribia kuwaka, rudi kuwa fenicha. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hapa hupasuka kwa mtu mwingine kuitwa wiki ijayo.

Kama njaa ya jina bado inakuuma, fanya kama Hal Blaine, mfalme wa studio za Los Angeles. Alichongesha muhuri wa mpira wenye jina lake na kuugonga kwenye karatasi za noti alizopiga. Msikilizaji hakuuona. Lakini kila mpiga dramu aliyefungua karatasi ile baadaye alijua nani alitangulia. Hiyo ni sifa safi, na muhuri si ghali.

Hatua ya saba: kubali kuwa mikono ya mtu mwingine.

Huu ndio mtihani, na nautoa mwishoni makusudi.

Kuanzia 1976 hadi 1981, kwenye studio za Elstree karibu na London, walirekodi kipindi cha burudani ambacho wasanii wake walikuwa vikaragosi: The Muppet Show. Kiongozi wa okestra alikuwa Jack Parnell, ambaye mwenyewe alianza kama mpiga dramu. Na kikaragosi maarufu kuliko wanamuziki wengi wenye damu alikuwa Animal, mpiga dramu mwenye manyoya, minyororo shingoni na hasira isiyo na sababu. Ngoma unazozisikia akipiga zilipigwa na Ronnie Verrell, mzee wa bendi kubwa ya Ted Heath, akiwa amekaa pasipofika kamera.

Fikiria kazi hiyo. Mwimbaji mgeni Rita Moreno anaimba polepole, kwa mahaba, na Animal kila mara anamkatiza kwa radi ya ngoma mpaka mama wa watu anamgeukia na kukibana kichwa chake kwa matoazi mawili. Uigizaji wake kwenye kipindi kile ulimpa Moreno tuzo ya Emmy mwaka 1977. Radi ile ilikuwa ya Verrell. Ilibidi ikosee mahali sahihi kabisa, ipasuke kwa hasira na ikome kwa nukta. Halafu wakamleta Buddy Rich, mtu aliyeogopwa na wapiga dramu wa dunia nzima, ashindane na Animal. Verrell akapambana naye akiwa amejificha, kwa niaba ya kitambaa. Shindano likaisha kwa Animal kumvisha Rich ngoma kichwani.

Hakuna udanganyifu mkubwa kuliko ule katika kazi hii, na sijasikia uliofanywa vizuri zaidi. Mtu alipiga kama kichaa, kwa akili timamu, ili watoto waamini kwamba kitambaa kina moyo. Waliamini.

Hatua ya mwisho: fomu.

Kabla hujavua viatu vya kazi, jaza karatasi ya malipo. Marekani chama cha wanamuziki, American Federation of Musicians, kipo tangu 1896. Mikataba yake huweka kiwango cha chini cha malipo, na kipindi kikirudiwa hewani mwanamuziki ana haki ya kulipwa tena. Jina lililokosewa herufi halilipwi. Liandike kwa herufi kubwa, taratibu, kwa wino. Hapo ndipo pekee usiku huu unaporuhusiwa kutumia wino.

Kisha rudisha kiti mahali ulipokikuta, uagane na mpiga besi kwa jina. Mazoezi ya kesho ni saa nane mchana. Wewe uwe umefika saa saba na nusu.