Sijagusa Kitu

Microsoft walipotangaza kwamba Windows 10 itaacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, mimi niliichukulia habari hiyo kama tangazo la bomoabomoa. Kompyuta yetu ya mezani ni ya mtumba, ina sauti ya mashine ya kusaga, lakini ndiyo inayotunza hesabu za kikoba cha mke wangu, ambaye ni katibu. Nikaona heshima ya baba mwenye nyumba ni kuipandisha daraja niende nayo Windows 11.

Nikasoma mahali kwamba lazima uwashe Secure Boot, na ili iwake lazima uzime kitu kiitwacho CSM. CSM ni nini? Sikuuliza. Niliingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya kompyuta, Ijumaa usiku, nikazima hiki, nikawasha kile, nikabonyeza F10 na kukubali kwa mkono mzito wa mtu anayegonga muhuri.

Feni zikazunguka. Taa ikawaka. Kioo kikabaki cheusi kama sufuria ya shughuli.

Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikapiga kasha makofi mawili ya heshima. Giza. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua dawa: kurudi BIOS na kurudisha mambo yalivyokuwa. Ila BIOS yenyewe nayo huonekana kwenye kioo kile kile. Ufunguo nilikuwa nimeufungia ndani.

Nikampigia kijana mmoja fundi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kompyuta haiwaki kioo.”

“Umegusa nini?”

“Sijagusa kitu.”

Akanyamaza kidogo. “Basi imejigusa yenyewe. Ulipokuwa hujagusa kitu, ulizima CSM?”

Nikakiri, kwa sauti ya chini maana mke alikuwa sebuleni. Akanieleza kwamba kadi yangu ya picha ni ya zamani, inajua lugha ya zamani tu, na CSM ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Kompyuta ilikuwa hai na ilikuwa inaniambia mengi, ila mkalimani nilikuwa nimeshamfukuza kazi.

“Chomoa waya wa umeme. Fungua kasha. Kuna betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Itoe, subiri dakika tano, irudishe. Itasahau yote uliyoifanyia.”

Laiti na wake zetu wangekuwa na betri hiyo.

Nilifungua kasha, nikakuta vumbi la kutosha kuotesha mchicha. Nikaitoa betri, nikasubiri dakika 20 kwa woga, nikairudisha, nikawasha. Kioo kikawaka! Kulikuwa na maandishi yananitaka nibonyeze F1. Sikuyasoma. Nilibonyeza, nikapita, nikaona Windows yangu ile ile kuukuu, nikaipenda kama mtu aliyetoka hospitali. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hata prosesa yenyewe haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Nilivunja mlango wa nyumba ambayo sikualikwa.

“Mbona ulikuwa umeipasua?” mke aliuliza asubuhi.

“Vumbi tu, Mama Zawadi. Sijagusa kitu.”

Akachapa hesabu zake, akaenda kwenye kikao.

Alirudi saa nane na karatasi mkononi. Kumbe betri ikitoka, kompyuta husahau na tarehe pia, na kwa kuwa bando lilikuwa limeisha, haikupata wa kuikumbusha kwenye mtandao. Chini ya kila ukurasa ilijichapa tarehe: 1 Januari 2013. Kikoba chao kilianza 2019. Mwenyekiti alitaka kujua hizo hisa zilinunuliwa na akina nani, miaka sita kabla hawajafahamiana.

“Baba Zawadi,” akasema taratibu, akiiweka karatasi mezani. “Umegusa nini?”

Nikafungua mdomo. Lile jibu langu lilikuwa tayari limekaa ulimini, limevaa na viatu.

“Betri,” nikasema. “Nimegusa betri tu.”