Barua ya wazi kwa Baraza la Masomo: mfukuzeni asistanti yule

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Masomo, chuo kikuu kimoja cha mjini Butembo (jina nalisitiri, wenyewe mnajijua).

Waheshimiwa Maprofesa,

Mimi mzazi, mlipa minervali, yaani ada ya masomo, naleta mashitaka. Asistanti mliyemkabidhi somo la Kiingereza anawaharibu watoto wetu. Wameanza kukielewa.

Mnakumbuka mambo yalivyokuwa shwari. Somo lilikuwa na silabusi yake, fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia hadi msomaji anakisia. Familia moja ya London inakunywa chai, inapanda treni, inasahau mwavuli. Silabusi hiyo hiyo ilimtosha daktari wa kesho, mwanasheria, mhasibu na bwana shamba, maana mwavuli hauchagui kitivo. Mwanafunzi alikariri vitenzi, akavimwaga kwenye mtihani, akavisahau kabla hajapanda pikipiki ya kurudi nyumbani. Kila mtu na pointi zake, amani tele.

Kijana huyu kaja na fujo. Wanafunzi wa kilimo kawatoa darasani, kawapeleka kuonja kahawa. Si kunywa, Waheshimiwa, kuonja! Vikombe vimepangwa mezani, kahawa imesagwa na kumwagiwa maji ya moto, utando umeganda juu. Mwanafunzi anainama, anaupasua kwa kijiko huku pua nusura iguse kikombe. Kisha anachota kidogo na kukivuta mdomoni kwa mlio wa kumwaibisha mama mkwe. Anatema koponi. Hapo ndipo anapotakiwa kusema, kwa Kiingereza, ulimi umekuta nini: ukali wa limau au wa siki, uzito, ladha inayobaki kooni. Wenzake wanambishia kwa Kiingereza, naye anajitetea kwa Kiingereza. Nilipouliza faida yake, nilijibiwa kwamba wanunuzi wa ng'ambo huipima kahawa kwa pointi 100, na isiyofikisha 80 haihesabiwi kuwa kahawa bora. Kwamba mkulima wa miteremko ya Ruwenzori anapangiwa bei kwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Utovu wa nidhamu mtupu.

Wanafunzi wa biashara nao wametumwa mjini kuomba makaratasi: ankara, hati za shehena, fomu za forodha za mizigo inayoshuka Mombasa na kupita Uganda hadi mpakani Kasindi. Darasa limegeuzwa mpaka. Huyu ofisa wa forodha, yule dereva, yule wakala. Magunia yamezidi yale yaliyoandikwa, haya, elewaneni. Binti yangu alikuwa ofisa. Alirudi nyumbani na tabia mpya: hata mboga za mama yake anazidai karatasi. Eti wafanyabiashara wa Butembo, wengine hawakumaliza hata shule ya msingi, wanakwenda Guangzhou na Dubai na kurudi na kontena, wakati mwenye digrii anatafuta wa kumsomea ankara. Na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kijana kapata kisingizio cha kudumu.

Lakini kosa lisilosameheka amelitenda kwenye kitivo cha udaktari. Hakuna mtu wa huku asiyeikumbuka Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 ikatangazwa kwisha Juni 2020, ikiwa imechukua watu 2,287. Katikati ya balaa hilo, kuanzia Novemba 2018, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Agosti 2019 mbili zilionekana kuwa bora, na moja kati ya hizo asili yake ni kingamwili za mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Utafiti uliitwa PALM, kifupi cha Pamoja Tulinde Maisha. Jina la Kiswahili, vitanda vyetu, damu yetu, na mwandishi wa kwanza wa makala, Sabue Mulangu, ni Mkongomani. Makala yenyewe ilitoka mwaka huo huo katika New England Journal of Medicine, kwa Kiingereza. Silabusi yetu wakati huo ilikuwa bado inautafuta mwavuli.

Sasa asistanti kawapa wanafunzi makala hiyo, na hakuishia hapo. Kawagawa watatu watatu: mmoja mtafiti kutoka nje, mwingine mama aliyeletwa kutoka Katwa, wa tatu mkalimani kati yao. Mtafiti anaeleza kwamba wagonjwa wanagawiwa dawa kwa bahati nasibu. Msichana aliyeigiza mama akadakia, "Yaani uhai wangu mnaupigia kura?" Mkalimani akakwama, jasho likamtoka. Asistanti hakumnusuru, alimwambia arudi na jibu wiki ijayo. Utafiti halisi ukiendelea, Februari 2019, vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, na kamusi isingezuia risasi. Ila swali la mama yule lilistahili mtu wa kulijibu, na mtu huyo hatoki katika familia ya London.

Mkimhoji, atajikinga na Averil Coxhead wa New Zealand. Huyo, mwaka 2000, alipekua maandiko ya vyuo vikuu yenye maneno yapatayo milioni 3.5, akatoa orodha ya familia 570 za maneno ambazo mwanafunzi wa fani yoyote hukutana nazo. Nimeipitia. Mwavuli haumo. Hiyo ni dharau kwa chuo chetu.

Basi mfukuzeni, haraka, kabla wanafunzi wa sheria hawajaanza kudai mikataba halisi. Mkishamaliza, nina ombi dogo la kifamilia. Silabusi ya mwavuli nilimnunulia kifungua mimba wangu. Nikainunua tena kwa wa pili, maana ya kaka yake haikuwa na sahihi yenu ya mwaka ule. Binti huyu wa tatu hajanunua kitu, na najua jambo hilo linawauma. Kitinda mimba anaingia mwakani. Kurasa ni zile zile, nimezilinganisha moja moja. Je, sahihi peke yake mnaiuza dola ngapi?

Wenu katika utii,
Mzazi mlipa minervali, Butembo