Vita Visivyo na Staringi

Mpwa wangu hajui Mahiwa, palipopiganwa Vita Kuu ya Kwanza, iko mkoa gani, lakini ukimuuliza habari za kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger anakutajia mpaka unene wa chuma chake. Tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi yaliposhuka Normandy, anaikumbuka vizuri kuliko siku ya kuzaliwa mama yake, ambaye ni dada yangu, na ambaye kila mwaka ananuna na mimi ndiye ninayetumwa kubembeleza.

Ningesema ni utoto, lakini wazee wa kijiwe cha kahawa wana hali hiyohiyo. Mmoja anashikilia kwamba Hitler hakujiua, alitorokea Argentina akafuga ng'ombe. Mwenzake anaapa kwa Mungu kwamba ni uongo. Ubishi huo nimeukuta na nitauacha. Siku nikithubutu kuchomeka habari za Vita Kuu ya Kwanza wananitazama kwa huruma, halafu mmoja anauliza bei ya nazi.

Na hapa ni Tanga, jamani! Vita vya kwanza vilipiganwa hapahapa, tunapoegesha bodaboda. Novemba 1914 Jenerali Aitken wa Uingereza alileta meli zenye askari wapatao 8,000 kutoka India, kuja kuuteka mji uliokuwa na walinzi wachache mno. Lakini kwanza ilitangulia manowari iitwayo Fox. Nahodha wake akampa taarifa mkuu wa wilaya, Mjerumani, kwamba makubaliano ya kutopigana hayapo tena. Kisha akamuuliza: je, bandarini mmetega mabomu? Ni sawa na mwizi wa kuku kumgongea mwenye nyumba amuulize kama mbwa anauma. Mjerumani akajibu ndiyo, tumetega. Basi yakapotea masaa mazima Waingereza wakisafisha maji yasiyokuwa na kitu, huku treni kutoka Moshi zikishusha askari wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Yeye mwenyewe usiku alizunguka mjini kwa baiskeli kukagua mitaa.

Mapigano yalipopamba moto nyuki nao wakaingia. Waliuma pande zote bila kuuliza pasipoti, ingawa kwa Waingereza baadaye ulivuma uvumi kwamba Wajerumani ndio waliowatega. Tarehe 5 wavamizi wakarudi melini mbio, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Von Lettow alikuwa na askari kama 1,000 tu.

Nilimsimulia mpwa wangu yote hayo, na nyuki wakiwemo. Akaniambia, "Mjomba, hiyo ya kwanza si ile ya kukaa kwenye mashimo tu?"

Nimelifikiria sana jambo hili, maana sina kazi nyingi, na naona kosa si lake. Vibanda umiza vimemlea. Muvi yoyote iliyotafsiriwa na DJ inataka staringi na inataka adui, na vita vya pili vina adui ambaye hata mtoto wa chekechea anaweza kumchora: nywele upande, kisharubu cha vidole viwili, mkono juu. Na ubaya wake haukuwa wa muvi. Habari za zile kambi za mauaji si za kuchezea kijiweni, na wazee wetu wa keya, yaani jeshi la Mwingereza, waliofika mpaka Burma walirudi wakijua walipigana na nani.

Sasa nielezee adui wa vita vya kwanza. Mrithi wa ufalme wa Austria kapigwa risasi Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, tena baada ya dereva wake kukata kona isiyo yake. Austria ikaivamia Serbia, Urusi ikakasirika, Ujerumani ikaikasirikia Urusi, ikaipiga Ufaransa kwa kupitia Ubelgiji, Uingereza ikasema Ubelgiji haiguswi, na Agosti ya mwaka huohuo watu wanatoana roho Taveta. Mwalimu wetu wa historia alichora mishale ubaoni mpaka chaki ikamwishia mkononi. Tukanakili mishale, tukafaulu mtihani, hatukuelewa kitu.

Wapo wanaotaka kumpa von Lettow nafasi ya staringi, kwa kuwa alikimbizwa miaka minne asikamatwe, akasalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza vita. Mimi simpi. Majeshi yote, lake na ya wenzake, yalikula akiba za vijiji na kuondoka na wanaume. Wagogo wanayo njaa ya miaka ile, Mtunya, na hawaisimulii kwa kucheka.

Hata Hollywood walipogusa vita hivi, katika The African Queen ya 1951, wakamweka Humphrey Bogart na chupa yake ya jini. Meli ya Kijerumani mle ndani imetokana na Graf von Götzen, iliyoletwa Kigoma vipande vipande na ikaungwa ziwani. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa, na kuanzia 1927 abiria na dagaa walisafiri nayo miaka mingi kwa jina la Liemba. Wenyeji waliobeba na kusukuma? Hao ni watu wa kupita nyuma ya staringi.

Tatizo lenyewe liko hapo. Vita vya kwanza upande wetu vilikuwa zaidi vya mizigo kuliko vya bunduki. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wanaokaribia milioni moja, na wanahistoria wanakadiria waliokufa ni kama laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mtu anabeba kilo 25 kichwani, anatembea kutwa kwenye mvua ya Rufiji, jioni anapewa unga asioweza kuupika ukaiva, usiku anaharisha, alfajiri haamki. Mzigo anapewa mwingine. Muvi hiyo DJ ataitafsiri nini? Pale Posta, Dar es Salaam, tangu 1927 aliyesimama juu ya jiwe ni askari na bunduki yake. Mpagazi hakupandishwa. Na mishahara ya wengi waliofia njiani ilibaki serikalini.

Askari wa Mjerumani walikumbukwa angalau. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa waliobaki hai malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, wengi hawana karatasi yoyote, na mlipaji akabuni mtihani: kila mzee anapewa ufagio, anaamriwa kwa Kijerumani aubebe kama bunduki. Inasemekana hakuna aliyekosea.

Mpwa wangu hiyo ameipenda. Akauliza kama kuna muvi yake. Nikamwambia hakuna, halafu nikamuuliza mimi: na mpagazi naye angekuja kwenye dirisha la malipo, wangempa nini abebe? Gunia la mchele? Na angeamriwa kwa lugha gani, kama sio kwa kiboko? Akasema, "Mjomba, chaji imeisha," akaingia ndani.