Chetezo Hakiuzi Nyumba

Mnunuzi anakuja saa nne. Tangu saa mbili chetezo kinafuka ukumbini, jikoni kumetiwa ubani, na chooni limemalizwa kopo zima la manukato ya maua ambayo hakuna ua lingekubali kuyatolea ushahidi. Dalali anaingia akikohoa, mnunuzi anafuta machozi, na nyumba inanuka kama harusi iliyofungwa katika ghala la dagaa. Kioja hiki hurudiwa kila siku Mombasa, Tanga na Unguja, na chanzo chake ni kosa moja la hesabu: mwenye nyumba anadhani anapigana na harufu, kumbe anapigana na maji.

Hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na masika, Machi hadi Mei, hata chumvi mezani hugeuka tope. Wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe na kupiga lipu ya chokaa walilijua hilo. Chokaa huuacha ukuta upumue. Sisi tukaja na saruji, tukapaka rangi ya mafuta juu yake, tukafunga madirisha kwa kuogopa wezi, kisha tukalibandika kabati ukutani kama stempu. Nyuma yake koga imejenga mji wake, na haina mpango wa kuhama. Ukiipaka rangi juu, itatulia wiki mbili tatu, kisha rangi ianze kubambuka. Dawa yake ni kuziba mfereji wa paa unaovuja, kusugua koga kwa siki, kulivuta kabati shibiri moja, na kufungua madirisha yanayoelekeana ili upepo upate pa kuingilia na pa kutokea. Kama nyumba imekaa tupu miezi kadhaa, kabla ya kulaumu panya aliyefia darini, mimina jagi la maji kwenye kila tundu la kutolea maji. Lile bomba lililopinda chini yake hubaki na maji kidogo yanayozuia hewa ya shimo la choo kupanda. Yakikauka, shimo zima linakuwa mgeni wako sebuleni.

Wapo watakaosema pwani nzima inanuka hivyo hivyo, mnunuzi atazoea. Ni kweli atazoea, pua huchoka baada ya dakika chache tu. Lakini bei ameshaipanga kichwani pale mlangoni, pua yake ikiwa bado mpya kazini. Ya mwenye nyumba ilistaafu zamani, ndiyo maana yeye ndiye shahidi wa mwisho wa kuaminiwa. Wengine watanishitaki kwamba naitukana mila. Hasha! Udi ni heshima. Ila hata bibi harusi hufukizwa akiwa ameshaoga, na sijasikia anayefukiza kanzu yenye jasho kisha akaiita safi. Moshi mwingi mchana kweupe, siku ya mnunuzi tu, humfanya mtu ajiulize kinachofichwa ni nini.

Na wanunuzi wajanja wanaongezeka. Mjanja wa aina hii haji saa nne kwa miadi. Anabisha hodi jioni ya masika, mvua imekatika sasa hivi. Ukumbi hautazami. Anakwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, anafungua kabati, anaingiza kichwa na kuvuta pumzi. Akikitoa, bei imeshashuka.