Mlenda wa Msimbazi

Gari langu lilichemsha saa tano na robo asubuhi, Mtaa wa Msimbazi, mbele ya duka la masufuria. Mwenye duka alitoka, akautazama mvuke uliokuwa ukifuka kwenye boneti, akasema, "Kaka, umechemsha." Sikujua analisema gari au ananisema mimi. Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam yote mawili yalikuwa kweli, na tena mambo ya kuchemsha ndiyo biashara yake.

Gari lenyewe ni la spoti, milango miwili, limetumika Japani kabla ya kunifikia. Jina lake silitaji, lina ndugu wengi mjini na wote wana kelele. Spidimita inaishia 180. Redio inaishia 90, kama redio za huko kwao, kwa hiyo nusu ya stesheni za mji huu nazisikia kwenye magari ya wenzangu. Na kila nikiliwasha, kuna mwanamke ndani ya dashibodi ananieleza jambo kwa Kijapani, kwa upole sana. Nimeishi naye miaka mitatu bila kumwelewa. Huenda muda wote huo alikuwa ananiambia habari za rejeta.

Lawama kidogo nampa baba. Nimekulia kwenye hadithi zake za Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shujaa wake alikuwa Bert Shankland, dereva wa Tanzania aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Baba alisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekaa kiti cha pembeni kusoma ramani, ingawa aliyekaa pale ni Chris Rothwell. Akifika kwenye matope sauti ilishuka: 1963 yalimaliza magari 7 tu, na 1968 yakamaliza 7 tena, mengine yote yakabaki njiani. Mimi katika hadithi hizo nilisikia spidi peke yake. Nikajiapiza kwamba siku moja nitaendesha kwenye uwanja wa mbio wa lami, na kwa matayarisho nimesoma kanuni za viwanja hivyo kuliko nilivyosoma mkataba wa nyumba ninayopanga.

Lawama inayobaki ni yangu na fundi wangu, tugawane.

Kwanza, miezi mingi nilijaza rejeta maji ya kisima cha nyumbani. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na changu ukipikia mboga huhitaji kuongeza. Chumvi hiyo ikaitafuna rejeta taratibu. Pili, fundi aliitoa tamostati. Hiki ni kidude kidogo kinachokaa mlangoni mwa maji ya injini, hufunga injini ikiwa ya baridi na kufungua ikifika kama digrii 82. Fundi alikishika kwa vidole viwili kama aliyeokota mende. "Bosi, hii ni ya nchi za baridi. Huku Dar inakuzibia maji bure." Akakitupa kwenye kopo la nati. Tangu siku hiyo injini ikachelewa kupata joto na kunywa petroli kama ina mgeni ndani. Tatu, hozi ya juu ilipopata ufa aliifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akakaza kwa waya wa kufungia nondo, akapiga kofi juu yake na kusema, "Hii itakuzika." Kisha akajaza kulanti ya kijani, mpaka juu, kwa pesa yangu.

Asubuhi ile nilikuwa nakwenda Gerezani kununua hozi mpya. Nakwambia ili ujue sikuwa mzembe kabisa.

Foleni ya Kariakoo ni mtihani kwa gari la namna hii. Barabarani upepo hupoza rejeta, lakini pale Msimbazi upepo pekee ni ule wa mwendokasi linapopita kwenye njia yake katikati, abiria wakikutazama kwa dirishani kama wanaokwenda kukuzika. Kazi yote inabaki kwa feni. Mshale wa joto ulipanda. Nikazima kiyoyozi, nikafungua vioo. Ukapanda tena. Halafu ukaja mlio, paa!, na lami chini yangu ikawa kijani.

Ndani ya dakika mbili nilikuwa na mafundi kumi na saba, mmojawapo muuza soksi. Kijana mmoja alivua fulana, akaikunja, akasogea kufungua mfuniko wa rejeta. Mwenye duka la masufuria akamvuta mkono. "We! Umeshawahi kufunua sufuria la presha likiwa motoni?" Alikuwa sahihi. Mfuniko ule hubana maji ili yasichemke mpaka karibu digrii 120. Ukiufungua ghafla, presha inatoka na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke papo hapo, yakitafuta uso wa mtu. Tukasubiri.

Wakati tunasubiri, ilibidi tuweke alama. Pembetatu zangu za kuakisi mwanga nilikuwa nimeziazima kwa shemeji, naye alikuwa ameshazidai. Kwetu gari likiharibika unakata matawi ukayatandaza nyuma, ila Kariakoo matawi hayapo, yapo maghorofa. Mama wa mbogamboga akanihurumia. "Chukua matembele, baba, mafungu matatu. Utanilipa." Nikayapanga vizuri barabarani, hatua kumi kumi. Gari la kwanza likapunguza mwendo, dada akatoa kichwa. "Fungu shilingi ngapi?"

Hapa ndipo kanuni nilizosoma ziliponirudia. Viwanja vingi vya mbio hukataza kulanti yenye glikoli, kama ile yangu ya kijani, dereva hutakiwa kutia maji matupu, pengine na dawa kidogo ya kuzuia kutu. Maji yakimwagika kwenye lami ya moto hukauka yakaisha. Glikoli haina haraka, inabaki utando mwembamba unaoteleza kama mafuta, na anayeumia si aliyemwaga bali anayekuja nyuma yake kwa kasi. Ikimwagika, msimamizi hutoa bendera ya njano yenye mistari myekundu, maana yake lami inateleza.

Njano na nyekundu, kitambaa kimoja, Mtaa wa Msimbazi, hatua chache kutoka klabu ya Simba! Ukiipeperusha pale, Simba watakupiga kwa ile njano na Yanga watakupiga kwa ule wekundu. Hali yenyewe ilishakuwa mbaya. "Mzee, unamwaga kijani hapa kwetu?" muuza soksi aliniuliza, naye hakuwa anacheka.

Sikupata nafasi ya kujibu. Nyuma yangu ilisikika sauti, "Pisha, pisha! Maji ya moto!" Mwenye maji ya moto nilikuwa mimi, yeye alikuwa na mkokoteni wenye mabelo manne ya mitumba. Akaruka fungu la kwanza la matembele, la pili, la tatu, kisha akakanyaga kijani kwa ndala. Mguu wa kulia ukaelekea Gerezani, wa kushoto ukabaki Msimbazi. Mkokoteni ukaendelea bila yeye, polepole, kwa heshima zote, ukaingia kwenye bampa langu la nyuma.

Alinyanyuka mzima, akanusa kidole. "Kaka, umemwaga mlenda barabarani."

Trafiki akafika. "Shikamoo afande," nikasema, nikijua amenizidi cheo, si umri. Alilizunguka gari, akaisoma ile 180 kwa dirishani, akageukia mkokoteni. "Nani kamgonga mwenzake?" Tukamweleza. "Na wewe ulikuwa spidi ngapi?"

"Afande, mimi sina spidimita."

Kesi ikaishia hapo. Bampa ni langu, mlenda ni wangu. Tulichota mchanga kwenye ghorofa linalojengwa jirani, tukafunika, tukazoa, tukamwagia maji ya sabuni. Paka mmoja alikuja kunusa nikamfukuza mpaka kichochoroni, watu wakaniona katili. Kulanti ile ina utamu, na ni sumu inayoua paka.

Vijana wanne walilisukuma gari mpaka Gerezani kwa shilingi 20,000. Silinda hedi ilikuwa imepinda. Hozi ni mpya, ina klipu za chuma, na tamostati imerudi. Fundi alinitafutia "orijino kutoka Japani" na kuniuzia, akiitoa kwenye kopo la nati. Mfumo umesafishwa wote ili ile ya kijani isichanganyike na mpya, kwa sababu kulanti niliyotia safari hii ni nyekundu. Msimbazi napita mara nyingi.

Matembele nimeshayalipa. Kuhusu yule kijana wa mkokoteni, nilikutana naye wiki iliyofuata nikamuuliza. Mabelo yake manne yalifika Ilala siku ile ile, kabla ya saa saba.