Gari Limechemsha, Nami Je?

Morogoro gari langu lilikunywa lita 2 za maji. Mikumi likanywa 3. Ruaha Mbuyuni, kwa wauza vitunguu, likanywa 4. Nikainama kuchungulia uvunguni: pakavu.

"Halivuji hata tone," nikatangaza kwa majivuno, utadhani nimeliunda mimi.

Mama mkwe, amekaa nyuma na chupa yake ya chai, akauliza taratibu, "Sasa baba, kama halivuji, maji yanakwenda wapi?"

Nikacheka kicheko cha mtu mwenye leseni, nikaongeza sauti ya redio, tukaanza kuupanda Kitonga.

Kona ya tatu, mshale wa joto ulikuwa umegota kwenye H. Nyuma tuliacha moshi mweupe mzito, lori lililotufuata likawasha taa mchana. Nikaegesha, nikarukia kifuniko cha rejeta. Utingo wa lile lori akanidaka mkono. "Kaka, unataka kujibabua sura? Humo kuna presha!"

Tulisubiri hadi injini ikapoa. Utingo akafungua, akajaza maji, akaniambia nipige stata. Rejeta ikatoa mapovu kama sufuria ya maharage.

"Hewa ya silinda hiyo, inapenya kwenye maji."

Kisha akachomoa kijiti cha oili. Weusi haukuwepo, kulikuwa na kitu cha kahawia, kizito, chenye povu. Mama mkwe akakitazama, akatazama kikombe chake cha chai ya maziwa, akamwaga.

"Gasketi ya hedi imekwenda," utingo akahukumu. "Maji mengine yanaingia kwenye silinda, yanatokea eksozi, ndiyo moshi ule. Mengine haya hapa kwenye oili. Chini utaona tone gani?"

Swali la mama mkwe likawa limejibiwa. Yeye hakuniangalia, na hilo ndilo lililoniunguza.

Gari likavutwa hadi Iringa. Fundi akaifungua hedi, akalaza rula ya chuma juu yake. Mwanga ukapita katikati. Imepinda.

"Gasketi yenyewe si ghali, bosi. Ghali ni kuchonga hedi. Mshale ulipopanda ungezima palepale, isingepinda. Gari kuchemsha ni kawaida. Shida ni dereva naye akichemsha."

Siku ya kurudi, mama mkwe alikaa siti ya mbele. Hakusema kitu. Alizima redio, akakodolea macho mshale wa joto hadi Dar es Salaam.