Mbuzi na Siri za Jeshi

"Anko, hii nyama imenishinda."

Aliyesema hivyo ni mtoto wa darasa la pili au hapo karibu, binti wa koplo, na alisema kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi. Alikuwa amesimama mbele ya jiko langu na sahani ya plastiki. Juu yake kipande cha paja kilikuwa na alama za meno pembeni, basi. Alinirudishia kwa mikono miwili, vile mtoto aliyelelewa vizuri hurudisha chombo cha watu. Nyuma yake akina mama watatu walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Si kwa majonzi.

Juzi tu hapo. Aproni ningali ninayo, imeandikwa "Mpishi Mkuu" kwa herufi nyekundu, na moshi haujatoka kwenye nywele.

Mmoja wa wale akina mama, mke wa sajini, alijitokeza mbele, akachukua kipande kile, akakikunja. Kilijikunjua chenyewe. "Kijana," akaniuliza, "huyu mbuzi mlimchoma au mlimhoji?"

Niseme basi mambo yalivyokuwa, kwa sababu hapa Mwiki habari tayari inazunguka ikiwa na jina langu na bila maelezo yoyote ya kisayansi.

Kikundi chetu cha kujitolea kiliamua kuwaandalia familia za wanajeshi karamu ya nyama choma, kwa heshima ya Siku ya Majeshi ya Ulinzi, ambayo Kenya huiadhimisha tarehe 14 Oktoba kukumbuka wanajeshi wetu walivyovuka mpaka kuingia Somalia mwaka 2011. Wazo lilikuwa zuri. Kambi ya Kahawa iko hapo ng'ambo ya barabara kuu ya Thika, na si kila familia hukaa ndani ya kambi. Wengi wamepanga nyumba huku nje, Githurai, Kahawa Wendani, na huku kwetu Mwiki, kwenye ghorofa ambazo kamba zake za nguo zinakuambia nani yuko nyumbani na nani yuko Gedo, kule Somalia. Ukiona sare imeanikwa, baba amerudi. Ukiona madira na sare za shule tu kwa miezi, unanyamaza.

Swali la kwanza la kamati lilikuwa jepesi: watu wangapi?

Tulimwuliza mzee mmoja mstaafu ambaye ndiye aliyekuwa kiungo kati yetu na familia hizo. Aliacha jeshi zamani, siku hizi anafuga kuku, lakini viatu vyake bado unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Hiyo idadi siwezi kuitoa."

"Mzee, tunataka kujua mbuzi wa kununua tu."

"Ndiyo mwanzo. Unaanza na mbuzi, unamaliza na vikosi."

Mama mweka hazina akajaribu njia ya upole. Je, ni wengi? Ni wengi. Wengi kiasi gani? Wa kutosha. Zaidi ya hamsini? Mzee akafunga mdomo, akatazama dirishani, na pale tukajua kwamba hata tungemning'iniza miguu juu asingetoa neno. Kamati ikapiga kura kuhusu jambo ambalo halipigiwi kura. Wengine walisema arobaini, wengine mia mbili. Tukaafikiana mbuzi wanne.

Hesabu ya mbuzi ina kanuni zake. Mbuzi mwenye kilo 30 akiwa hai hakupi kilo 30 za nyama, na ndipo maharusi wengi huaibikia. Toa ngozi, kichwa, miguu, damu na matumbo, ubaki na kilo 14 hivi, mifupa ikiwemo. Ukiweka juu ya makaa, maji yanatoka na mafuta yanadondoka, robo ya uzito inaondoka, na ukizembea ni theluthi. Mkenya akiingia kwenye choma huagiza nusu kilo ipimwe ikiwa mbichi, kwa hiyo mbuzi mmoja ni watu 28 na wanne ni watu 112, ikiwa hakuna mtu wa kuongeza. Kanuni hii inafanya kazi vizuri sana mahali ambapo kuna idadi ya watu. Sisi tulikuwa na idadi ya mbuzi.

Mbuzi tulinunua Kiamaiko, kule Huruma, ambako malori huwashusha mbuzi kutoka kaskazini, Marsabit, Isiolo na Moyale, na kazi huanza watu wengine wakiwa usingizini. Walichinjwa kabla ya mapambazuko, wakakaguliwa, wakapigwa muhuri, na saa mbili asubuhi walikuwa Mwiki juu ya meza, wamefunikwa vizuri. Saa mbili! Ningewasha moto saa hiyo tusingekuwa na kisa. Lakini mwenyekiti alitoa amri kwamba makaa yasiguswe hadi mheshimiwa afike, kwa sababu picha iliyotakiwa ni ya mheshimiwa akiweka nyama ya kwanza kwenye wavu. Mheshimiwa alikuwa njiani. Mheshimiwa wa Kenya huwa njiani vile jua huwa angani.

Alifika saa tisa alasiri. Akaweka kipande kimoja, akapigwa picha, akanawa mikono, akaenda kwenye mazishi. Kipande chake kilikuwa upande wa moto uliozimika.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi na nimelisoma hadi nikalipenda. Msuli wa mnyama umejengwa kwa nyuzi nene na nyuzi nyembamba ambazo hupita kati yake. Zikishikana na kuvutana, msuli unajikaza, zikiachana, unalegea. Jambo la ajabu ni kwamba hata kule kuachana kunahitaji nguvu. Nguvu hiyo iko ndani ya kemikali iitwayo ATP, ambayo mwili ulio hai huitengeneza bila kupumzika. Mbuzi akichinjwa, akiba yake haiishi pale pale. Kwa muda bado nyuzi zinaachana na nyama ni laini, na ndiyo sababu mzee wa mashambani anayechinja na kutupa mbavu motoni wakati ngozi bado inatoka mvuke hula vizuri, akawacheka watu wa mjini na friji zao.

Kisha akiba inaisha. Nyuzi zinashikana na hakuna wa kuziamua. Nyama inakakamaa, kwanza hapa na pale, halafu mwili mzima, na hubaki hivyo kwa saa nyingi. Baadaye, taratibu, vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kukatakata protini zinazozishikilia nyuzi hizo, na kesho yake au kesho kutwa, ikiwa imehifadhiwa kwenye baridi, nyama hulainika tena bila mtu kuigusa. Hii ndiyo kazi ya siku zile ambazo bucha nzuri huning'iniza nyama, nasi tukidhani wamekosa wateja.

Kwa hiyo mbuzi ana nyakati mbili za kuliwa: mara tu baada ya kisu, au baada ya kulala. Katikati yake ni wakati ambao mbuzi hataki. Chinja kabla ya alfajiri, choma saa tisa na nusu: ukimwomba mtaalamu akuchagulie saa mbaya kuliko zote, atakuonyesha hiyohiyo. Nilisimamia wavu ule kwa uaminifu. Niligeuza, nikanyunyiza maji ya chumvi, nikapeperusha kwa kipande cha katoni. Fundi mkuu wa nyama choma wa Kenyatta Market angesimama pale, nyama ingemfanyia vivyo hivyo.

Na makaa nayo. Makaa ni mti uliochomwa huku ukinyimwa hewa: kwanza maji yanatoka, halafu gesi na lami, unabaki kaboni. Makaa ya mgunga ni mazito, ukiyagonganisha yanalia, na yakishika moto yanakaa. Unangoja yavae jivu jeupe ndipo uweke nyama, kwa maana kabla ya hapo yanatoa moshi na miali, na kila tone la mafuta linaloanguka linawasha moto unaounguza nje na kuacha ndani kama kulivyokuwa. Tuliyoletewa sisi yalikuwa mepesi, nusu ya gunia ni vumbi, na yalikuwa yamenyeshewa. Aliyeyanunua ni mjumbe wa kamati ambaye alisifiwa mbele ya wote kwa kuokoa pesa.

Basi saa kumi na mbili jioni wageni wakaketi. Idadi ya siri ikaonekana kwa macho, na ilikuwa kubwa. Kila mama alikuwa na watoto, jambo ambalo kamati yenye wazazi kumi na mmoja haikulifikiria. Nyama ikagawanywa. Uwanja ukanyamaza kwa muda, wale wakubwa wakitafuna kwa heshima. Mwenyekiti aliita ukimya ule shukrani. Kisha yule binti akasimama na sahani yake.

Mke wa sajini hakunigombeza zaidi. Alifunga leso kiunoni, akasema, "Leteni sufuria." Kwa dakika chache wanawake walioalikwa ili wapumzike walikuwa wamelitwaa jiko. Mmoja alikatakata nyama vipande vidogo, mwingine akamwaga maji, watatu wakamenya vitunguu na nyanya zilizokuwa za kachumbari, na dania ikatoka kwenye mkoba wa mtu ambaye, inaonekana, hutembea na dania kwa tahadhari. Wakafunika. Mimi nikapewa kazi ya kushika tochi.

Walikuwa sahihi hata kimaabara. Zile kano na ngozi nyembamba zinazofunga msuli zimejaa kolajeni, ambayo kwenye moto mkavu hujikunja na kukaza, lakini ikikaa muda mrefu kwenye maji ya moto huyeyuka ikawa jelatini, ile inayofanya mchuzi ushike vidole. Niliwaeleza hayo nikiwa nimeshika tochi. "Inua juu kidogo," wakaniambia.

Ugali ulitosha. Hema tulilokodi lilipelekwa Mwiki nyingine, ile ya Kasarani, na likafanya sherehe ya watu wengine. Jenereta ilizimika katikati ya sala. Keki yenye rangi za bendera iliibiwa na mbwa.

Wakati sufuria inatokota nilikaa na akina mama hao, nikamwuliza mmoja wao, kwa unyenyekevu wa mtu aliyevuliwa aproni, kama anajua wako wangapi. Alifungua mkoba, akatoa daftari la chama chao cha kuweka na kukopa. Kila jina lilikuwemo. Jina la mama, la mtaa, hesabu ya watoto, na pembeni alama ya kalamu nyekundu kwa wale ambao mume hakurudi. Alijua hata nani hali mbuzi. Siku zote hizo daftari lilikuwa mkobani mwake, umbali wa nyumba chache kutoka kwa kamati iliyokuwa ikipiga kura.

"Hamkutuuliza," akasema.

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa akipitisha kidole chake kwenye zile alama nyekundu.

Nami nikaikumbuka alfajiri ya Ijumaa, 15 Januari 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab walipoivamia kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, eneo la Gedo. Wiki chache baadaye Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kwenye televisheni idadi ya waliouawa, kati ya 180 na 200. Jeshi la Kenya likaikana idadi hiyo. Halikutoa nyingine. Miaka ilikuja ikaenda, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia kikabadilishwa jina, AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, ikaja AUSSOM mwaka 2025, na serikali haikuwahi kusimama mbele ya wananchi na kusema: walikuwa kadhaa. Naelewa siri ya idadi ya bunduki. Naelewa siri ya njia wanayopita. Ni adui gani anayefichwa idadi ya waliokwisha kufa? Adui alikuwepo. Aliyefichwa ni yule aliye Mwiki na watoto wawili na kodi ya nyumba, ambaye aliachwa kuulizia hapa na pale, kusikiliza redio, na kulinganisha majina na jirani kwenye ngazi.

Halafu tunakuja sisi na fulana mpya, mara moja kwa mwaka, kumshukuru kwa kujitoa kwake. Tunampigia makofi. Tunamtaka akae chini, aache kila kitu kwetu, na hatujui hata walio kama yeye ni wangapi.

Usiku ule, mchuzi ulipoiva, watu wote walikula, hata mzee mstaafu, aliyerudia sahani kisirisiri. Mwenye daftari alisimamia foleni akiita kwa jina, hakuna aliyekosa wala aliyerudia isipokuwa mzee.

Ripoti ya kamati imeshatoka. Inasema karamu ilifana na kwamba "wageni wote walishiba nyama choma". Mahali pa idadi ya wageni pameandikwa "wengi". Kamati ya mwaka ujao nayo imekwisha kuundwa: wajumbe ni walewale, na mheshimiwa amealikwa mapema ili asichelewe. Nilipendekeza mama mwenye daftari aingie. Mwenyekiti alisema ni wazo zuri, ila itakuwa vibaya kumsumbua mgeni. Mimi nimetolewa jikoni. Nimepewa viti, na nilipouliza ni viti vingapi, mzee mstaafu alikohoa akatazama dirishani.